Majibu ya viongozi kwa waandishi wa habari yaliyohamia mtaani: tupeane uzoefu

Mangi_Mstaafu
Wakuu, salaam. Kuna majibu viongozi wetu huyatoa mbele ya maiki, wao wakaenda zao, sisi tukabaki nayo miaka. Matusi siyataki hapa. Nataka ile kejeli ya mtaani, neno la mheshimiwa linapochukuliwa kama lilivyo na kupewa kazi kwa muuza genge, kwa konda, hadi kwenye kikao cha harusi. Leteni mliyoyaona au mliyofanyiwa.

Naanza mimi. Aprili 2008 waandishi walimuuliza Andrew Chenge, wakati huo Waziri wa Miundombinu, kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokutwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, Waingereza wakichunguza jinsi Tanzania ilivyouziwa rada. Akaziita vijisenti. Mwezi ule ule akajiuzulu. Mimi nilikuwa na duka la rejareja Temeke. Wadeni wangu, watu ambao siku zote walikuwa wakipitia uchochoro wa nyuma wasinione, ghafla wakaanza kuja kifua mbele: "Mangi, pokea vijisenti vyako." Unafungua kiganja, mia tano, na deni ni elfu kumi na mbili. Nikabandika karatasi juu ya mzani: VIJISENTI HAVIPOKELEWI, LETE HELA. Jioni nikakuta mtu kaongeza kwa kalamu: "Peleka Jersey."

Wa_Pantoni
Hiyo ya Jersey imeniua. Sisi wa Kigamboni tuna yetu. Januari 2012 nauli ya pantoni ilipanda kutoka 100 hadi 200, watu wakalalamika. Hayati Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, akasema asiyetaka kulipa apige mbizi.

Basi asubuhi moja pale Magogoni, foleni imejaa, jamaa mmoja kaja na suti, tai imenyooka, begani kabeba mpira wa ndani wa tairi la lori. Kafika dirishani, kamuuliza mkata tiketi kwa adabu zote: "Samahani dada, wa mbizi tunapita geti lipi?" Dada wala hakutabasamu. "Wa mbizi subiri pembeni, hawa wenye hela wapite kwanza." Foleni nzima hoi. Na yule jamaa mia mbili yake aliitoa kama sisi wengine, mpira ukasafiri bure. Daraja lilipokamilika 2016, aliyekuja kulifungua ni Magufuli huyo huyo, sasa akiwa Rais. Wenye magari wakatozwa, utani ukahamia kule.

Bi_Shufaa
"Subiri pembeni" 😂 nimecheka hadi mtoto kaamka.

Ticha_wa_Zamu
Mangi umegusa rada, ngoja nimalizie. Mwaka 2012 BAE, kampuni ya Uingereza iliyotuuzia rada ile, ililipa pauni milioni 29.5, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Nchi nzima ikaziita chenji ya rada. Vitabu vilipofika shuleni kwetu, ofisini tukawa tunasemezana, "Nipe rada ya hisabati, nina kipindi." Akaja mkaguzi, kasikia, kauliza rada ni nini. Mwalimu mkuu bila kupepesa: "Ni kitabu cha kiada, afande, hilo ni jina la nyumbani." Mkaguzi akaandika. Sijui aliandika nini.

Mama_Wawili
Mie nina ya mboga. Sakata la Escrow 2014 mnalikumbuka, mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo Waziri wa Ardhi, alieleza kuwa bilioni 1.6 alizoingiziwa zilikuwa mchango wa shule, ila kwenye maelezo ya matumizi zikatajwa milioni kumi za mboga. Kesho yake baba watoto anaacha elfu tano mezani kama kawaida yake. Nikamwambia, "Baba, mboga siku hizi ni milioni kumi." Hakujibu kitu. Kachukua kalamu, kaandika nyuma ya risiti ya luku: *Malipo ya awali 5,000. Salio 9,995,000.* Kaweka na sahihi! Risiti hiyo nimeificha kwenye kabati la vyombo, siku akistaafu nadai salio.

Lakini nimtetee kidogo mama wa watu. Walioingiziwa fungu lile walikuwa wengi, wanaume tele. Aliyebaki kwenye midomo ya watu hadi leo ni mwanamke na mboga zake.

Upande_wa_Maiki
Nilikuwa mwandishi mkoani, nawaambia nilichokiona. Kikao kimeitwa saa nne, mheshimiwa anafika saa saba, anasoma taarifa hadi maiki inachoka. Afisa habari anasimama: "Maswali matatu tu, muda wetu umekwisha." La kwanza huwa ni "mheshimiwa, unawaambia nini wananchi?" Hilo ni godoro, mtu analala tu.

Siku moja nikapata la tatu. Nikauliza dawa katika hospitali fulani zimekwisha tangu lini na zinakuja lini. Kiongozi akaniangalia. "Wewe unaumwa?" Nikasema siumwi. "Basi mwache anayeumwa aulize." Ukumbi makofi, kikao kikafungwa. Nililiandika jibu lile neno kwa neno, mhariri akalifyeka, eti si habari. Ila mpiga picha alishalirusha WhatsApp. Wiki ile ile sokoni ukimuuliza muuza nyanya mbona bei imepanda, anakujibu, "Wewe unapika?" Fundi viatu: "Wewe unatembea?" Mji mzima ulifurahi sana, mimi mwenyewe nilicheka. Dawa zilikwisha lini, hakuna aliyeuliza tena.

Mkenya_Nakuru
Salamu kutoka Nakuru. Oktoba 2016, kwenye mkutano wa Ikulu kuhusu ufisadi, Rais Uhuru Kenyatta alituuliza, "Mnataka nifanye nini?" Haikuwa kikao cha wanahabari, lakini kamera zilikuwepo na nchi ilikuwa inatazama. Mimi nikapanda matatu, nikamdai makanga chenji yangu. Akafungua mikono hivi: "Auntie, mnataka nifanye nini?" Gari zima likacheka, hata dereva. Chenji nilipewa nikishuka, tena ikiwa pungufu.

Mzee_wa_Hoja
Samahanini, mnafurahia bure. Kauli ya kula nyasi, kwamba hata tukila nyasi ndege ya Rais lazima inunuliwe, ile aliyobebeshwa Basil Mramba akiwa Waziri wa Fedha, tumeitania zaidi ya miaka ishirini. Ndege si ilinunuliwa? Kiongozi akikujibu hovyo ukacheka, umempunguzia kazi. Somo ni hilo la dawa hapo juu.

Mangi_Mstaafu
Mzee, sikubishii. Ila nyasi zile wewe unazikumbuka kwa sababu gani? Bajeti za miaka ile unaweza kunitajia hata moja?

Mzee_wa_Hoja
Hapo umenishika. Lakini sijahama.

Wa_Pantoni
Upande wa Maiki, tuambie basi, pale hospitalini dawa siku hizi zipo?

Upande_wa_Maiki
Wewe unaumwa?