Naomba ushauri: maneno ya kueleza vitu vinavyoparuza na vyenye manundu

Msimulizi
Habari zenu wadau. Naandaa maelezo ya kurekodiwa kwa wasikilizaji wasioona. Vitu ni vinne: gome la mti mkongwe, jiwe lililojaa matundu, blanketi la sufu na ukuta uliopigwa lipu vibaya. Kila kimoja nimekiandikia "si laini", na msikilizaji hawezi kuvitofautisha. Nitumie maneno gani, na niyapange vipi?

Mhariri_Mkuu
Kwanza futa "si laini". Neno laini linabeba mambo mawili: kubonyea kwa urahisi na kutoparuza. Kioo hakiparuzi lakini ni kigumu. Blanketi la sufu linabonyea lakini linasumbua ngozi. Ukikanusha laini, msikilizaji hajui umekanusha lipi.

Kisha jiulize: kidole kikitua bila kusogea, kinahisi kitu? Nundu huhisiwa kwa kubonyeza tu. Chembe ndogo sana hazijitambulishi mpaka kidole kitembee, maana kinachozifichua ni mtetemo wa ngozi inapopita juu yake. Kwa hiyo penye chembe ndogo tumia kitenzi, penye nundu tumia nomino pamoja na -enye.

Vitenzi havilingani. Kinachoparuza hushikashika ngozi bila kuiumiza. Kinachokwaruza huacha alama. Kinachochoma kina ncha mojamoja. Nyuzi za sufu huwasha. Ukiandika blanketi "linakwaruza", mtu atadhani lina vipande vya waya.

Nomino zipange kwa ukubwa: chembe, vipele, vinundu, manundu. (Vipele kwenye ngozi ya mtu ni ugonjwa, kwa hiyo uwe mwangalifu.) Bonge na donge ni vya kitu kilichogandamana, kama udongo, rangi iliyokorogwa vibaya au pamba ndani ya mto. Shina la mti lina manundu kwa sababu yameota humohumo, halina madonge. Na epuka "vidonge", watu watafikiria dawa.

FundiLipu
Huo ukuta, mkuu, usiuite "mbaya" tu, kwa sababu kasoro za lipu zinatofautiana mkononi. Mchanga usiochekechwa huacha changarawe zilizochomoza, hapo ukuta unaparuza na una vinundu vigumu. Ubao wa kusawazishia usipopitishwa vizuri, unabaki na mawimbi: kiganja kinapanda na kushuka, ingawa ncha ya kidole huenda isihisi lolote. Lipu iliyokauka haraka mno ina nyufa nyembamba, na hizo kucha huzipata kabla ya kidole. Upapase kwanza ujue una ipi.

Taja pia nafasi. "Vinundu vya ukubwa wa punje ya mtama, vimeachana upana wa kidole" inatosha kabisa. "Vinundu vingi" haisemi kitu.

Msimulizi
Asanteni sana. Je, "kama msasa" inafaa? Na "mabaka" kwa gome?

Mhariri_Mkuu
Msasa una namba, na namba ikiwa ndogo chembe zake ni kubwa. Namba 40 inachubua, namba 400 karibu inateleza. Ukisema msasa tu umeacha nafasi kubwa mno; sema "msasa wa chembe kubwa" au uache.

Mabaka hapana. Mabaka na madoa ni ya rangi, hayashikiki. Gome lina mipasuko, magamba yanayobanduka, makunyanzi, na mafundo pale matawi yalipokatika. Taja na mwelekeo: mipasuko iliyosimama wima huhisiwa tofauti mkono ukipita juu kwenda chini na ukipita kwa upana.

Papasa
Kuhusu mpangilio: fuata mkono. Kiganja kinapokea umbo zima, ndipo vidole vitafute vidogo. Maneno mawili ya mguso kwa sentensi yanatosha. La tatu linafuta la kwanza. Upatanisho nao usikuponyoke: gome lenye, jiwe lenye, ukuta wenye, blanketi linalowasha.

Mfano wa jiwe: "Jiwe linajaa kiganjani, lina matundu ambayo ncha ya kidole inazama nusu. Kingo za matundu zinakwaruza." Mfano wa gome: "Gome lenye mipasuko mirefu iliyosimama wima, kidole kinaingia na kuteleza kwenda chini. Ukipitisha mkono kwa upana, magamba yanaparuza na mengine yanabanduka."

Kwenye kurekodi, tua kidogo baada ya kila kitenzi cha mguso, hasa kama kitu chenyewe kiko mikononi mwa msikilizaji.