Ushauri: kituo kikubwa chenye kamera, au kwa mama anayelea watoto watano nyumbani?

MamaNeema
Wakuu, habari za muda huu. Nina binti wa mwaka 1 na miezi 7. Dada anayemlea anaondoka mwisho wa mwezi na likizo kazini sina, kwa hiyo ni kituo tu.

Nimebakiwa na viwili. Cha kwanza kikubwa, kuta zimechorwa, kuna kamera unamwona mtoto kwenye simu. Chumba cha umri wake kina watoto 13 na walezi 2. Cha pili ni kwa mama mtu mzima, ana kibali, analea watoto 5 kwake na msaidizi mmoja. Hana kamera, vitu vya kuchezea vimechakaa, na nilipoingia runinga ilikuwa imewashwa. Mume wangu anataka kile cha kwanza, anasema "angalau tunaona". Mimi roho inavutwa kwa yule mama, ila nikiulizwa kwa nini sina jibu. Binti bado hajui kusema vizuri, akifanyiwa kitu hawezi kuja kunisimulia. Gharama zinakaribiana, tuziweke pembeni. Nitazame nini? Nawasilisha.

BabaPacha
Mama Neema, mwambie shemeji kamera itamwonyesha mtoto alivyoanguka, haitamdaka. Halafu mko kazini wote, nani ataikodolea simu hiyo kutwa? Mimi ningeanza na hesabu. Watoto 13 kwa walezi 2, mmoja akienda kubadilisha nepi, mwenzake anabaki na 12 wanaotembea kila upande. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mlezi 1 kwa watoto 4 kwa umri wa binti yako. England sheria ni mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2. Yule mama na msaidizi wake kwa watoto 5 wako vizuri, mradi huyo msaidizi yupo kweli na si jina la kwenye karatasi.

Mlezi_Mstaafu
Nimefanya kazi kwenye vituo vikubwa na vidogo, nikwambie ukweli: siku ya kutembeza wazazi kila kituo ni kizuri. Nenda bila taarifa, na uende saa ngumu. Saa ngumu ni pale watoto wanapotoka usingizini, au jioni wamechoka na wazazi wamechelewa. Kaa pembeni, usiulize kitu. Mtoto akilia, muda gani unapita kabla mtu hajamwendea? Anayemwendea anainama au anaita jina lake toka ng'ambo ya chumba? Watoto wenyewe nao ni jibu. Wadogo wa umri huo kwa kawaida humwogopa mgeni kwanza, wanamkimbilia mlezi wao wakuchungulie toka kwenye sketi yake. Ukiingia tu wote wakakung'ang'ania miguu wakitaka kubebwa, mimi ningejiuliza wana njaa ya nani.

Tazama pia taulo. Kila mtoto na lake, au moja linafuta pua zote? Na mlezi akimaliza kubadilisha nepi ananawa kwa sabuni au anajifuta tu na kuendelea?

Swali ambalo wazazi hawaulizi: huyu atakayemshika mwanangu ana muda gani hapa? Kituo kinachobadilisha walezi kila baada ya miezi michache, rangi ya ukuta haitakusaidia. Mtoto anamzoea mtu, akimzoea anaondokewa, anaanza upya.

Kinyonga77
Nipinge kidogo, maana wote mmeshaelemea upande mmoja. Kwa yule mama, akiumwa yeye? Kituo kikubwa kitapanga mwingine, wewe utapigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi kwamba leo hakuna. Na ile ni nyumba ya watu. Nani mwingine anaishi pale? Wageni wanaingia vipi, vijana wakubwa wapo? Uliza wazi bila aibu, na mlezi mwenye nia njema hatakasirika. Runinga nayo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku.

NesiWaZamu
Popote utakapochagua, zunguka na macho ya chini, kimo cha mtoto. Ndoo na mabeseni yenye maji: mtoto huyu anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5. Dawa, sabuni za kufulia, mlango wa jikoni, ngazi. Uliza mtoto akipata homa wanafanya nini, na nani anaruhusiwa kumpa dawa. Wakikujibu "tunampa tu kidogo apoe", ondoka. Mafua atayapata kote, hilo usihangaike nalo.

MamaNeema
Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumeenda wote wawili bila taarifa. Kituo kikubwa tumezuiwa getini, tukaambiwa wazazi huingia kwa miadi, tena Jumamosi, siku ambayo watoto hawapo! Mume wangu alinyamaza njia nzima. Kwa yule mama tumekuta runinga imezimwa. Anasema huwasha akiwa anasubiri wazazi, na amekubali kwamba wa kwetu asikae pale. Msaidizi yupo, yuko naye miaka mingi. Akiumwa anakuja mdogo wake, tumekutana naye. Tumeona na ndoo, zote zimefunikwa. Sasa nimuanzishe vipi asilie siku nzima?

Mlezi_Mstaafu
Kulia atalia, umri huo ndio wenyewe. Anza na saa moja ukiwepo, kesho yake muache kwa muda mfupi, uongeze polepole. Usimtoroke akiwa anacheza. Muage, mwambie unarudi, ondoka. Ukigeuka mara tatu mlangoni unamchanganya. Na mwache na kitu chake alichozoea kulala nacho, hata kama ni tambara.

MamaNeema
Sawa mama, Jumatatu tunaanza. Mume ameshaandika orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua. Jina la mama yake limetangulia langu, ila huo ni uzi mwingine.