Tupeane uzoefu: kusafiri na ndugu mwenye ulemavu kwenye treni iliyojaa

MamaWaIyunga: Habari za jioni wana Nyanda za Juu. Jana nimempokea mama mkwe hapa Mbeya, katoka Ifakara kwa treni ya TAZARA, anatembelea magongo. Kashuka miguu imevimba. Siti alikuwa nayo, ila watu walisukuma viroba vya mchele miguuni kwake, na magongo wakayapandisha juu kwenye mizigo asikoyafikia. Kila akitaka kwenda chooni aombe ashushiwe. Mwisho akaacha kunywa maji. Mtu mzima jamani! Wenzangu mnafanyaje?

MwanaRujewa: Hiyo ya kuacha kunywa maji hata bibi yangu aliifanya. Inauma.

DadaWaMakambako: Umenitonesha. Mdogo wangu wa kiume anatumia kiti cha magurudumu. Tulikuwa tunakwenda msibani Mlimba, tunapandia Makambako usiku, na ile baridi mnaijua. Treni kusimama tu watu wakavamia mlango, wengine wanarusha mabegi dirishani kuwahi siti. Vijana wawili, nia njema kabisa, wakamnyanyua, mmoja kwapani mwingine miguuni. Hawakumuuliza. Anapiga kelele "kiti changu!", wao wanamjibu "tulia kaka, tunakusaidia." Wakampitisha juu ya vichwa vya watu, wakamtua sakafuni karibu na choo.

Mimi niko chini nakikunja kiti, hakikunjiki, pini ya pembeni imeshika kutu. Mlango umezibwa na magunia ya viazi na watu wamesimama juu yake. Naomba mtu apokee, kila mtu anaangalia mzigo wake. Treni ikaanza kuondoka. Nikakiacha kiti, nikadandia nimfuate mdogo wangu.

Mlimba alibebwa mgongoni mpaka makaburini. Fundi redio anayejitegemea, ana mke na watoto, anabebwa mbele ya wakwe zake. Kiti alikitunza mama mmoja muuza chai pale Makambako, kikaja na treni iliyofuata. Mungu ambariki yule mama. Mdogo wangu hajapanda treni tena.

FundiTunduma: Duh. Pole sana dada.

BwanaSafari: Samahanini, lakini kwa hali hiyo si bora apande basi? Treni inajulikana inajaa.

MwanaRujewa: Basi gani la Mlimba wakati wa masika, wewe? Watu wa kule reli ndiyo barabara yao tangu 1976.

BwanaSafari: Basi akate daraja la pili, kuna vitanda.

DadaWaMakambako: Daraja la pili chumba ni watu sita, wanawake kwao, wanaume kwao. Mimi dada yake ningekaa naye vipi? Labda ninunue chumba kizima. Hela utatoa wewe?

BwanaSafari: Sikusema kwa ubaya dada.

MwalimuNjombe: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Tuisome.

DadaWaMakambako: Ipo mwalimu, tena nzuri. Ila usiku ule waliokuwa mlangoni ni abiria wenzangu.

MtuWaUyole: Mimi sioni, na nasafiri peke yangu. Mahandaki yakianza kuvuma najua Makambako tumeiacha, joto likipanda najua Mlimba inakaribia. Sihitaji kubebwa. Watu wananikamata mkono wananivuta kama mbuzi wa mnadani. Niulize kwanza, kisha niache nikushike juu ya kiwiko, wewe utangulie. Na fimbo yangu iache nilipoiweka. Ukiisogeza hata hatua moja, kwangu imepotea.

MamaWaIyunga: Asante sana kaka, hili la fimbo ni sawasawa na magongo ya mama.

FundiTunduma: Ushauri wangu: wahini stesheni, pandeni wa kwanza, kaeni karibu na mlango.

BibiChimala: Mlangoni hapana mwanangu! Kila anayepanda anakukanyaga, na baridi yote yako. Kaa katikati, dirishani.

FundiTunduma: Katikati choo kiko mbali, bibi.

BibiChimala: Basi beba karanga, wagawie majirani mapema. Aliyekula karanga zako atakushushia magongo hata saa tisa usiku. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

KimyaVwawa: Mimi ni kiziwi. Naandika kituo changu kwenye karatasi, namwonyesha jirani, naomba aniguse bega tukifika. Safari moja jirani alishuka njiani bila kumwachia mwingine ujumbe, nikapitishwa mpaka Tunduma. Usiku vibao vya vituo havionekani. Mkishuka, mkabidhini mwingine hiyo karatasi.

MamaWaIyunga: Mama mkwe anarudi Ifakara Ijumaa, daraja la tatu, na mimi sina ruhusa kazini. Kuna anayesafiri?

MwanaRujewa: Mimi naenda Dar siku hiyo, napandia Rujewa. Nitumie namba ya behewa pembeni. Na mwambie anywe maji.

DadaWaMakambako: Magongo yakae mkononi mwake, tafadhali.

MwanaRujewa: Yatakaa, dada.