Uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, China: tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Mwezi ujao mdogo wangu anakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kufuata mzigo wa viatu, na sitaki yamkute yaliyonikuta.

Mimi nilitua Baiyun mwaka 2019, saa tano usiku. WhatsApp haifunguki, Google haifunguki, na jina la hoteli nilikuwa nalo kwa herufi zetu tu. Dereva wa kwanza akaitazama karatasi akatikisa kichwa, wa pili vilevile. Aliyeniokoa ni mama wa usafi. Aliniita kwa mkono, akanipeleka kwa mlinzi, mlinzi akapiga simu hotelini, kisha akaniandikia anwani kwa Kichina nyuma ya kishina cha tiketi. Kishina kile ninacho hadi leo. Jamani, anwani iwe kwa Kichina, tena kwenye karatasi.

Nani mwingine?

Muuza nguo za watoto, Kariakoo
Pole dada. Kilio changu mimi ni pawabenki, ile betri ya kuchajia simu. Wakati wa kuondoka, mkaguzi aliitoa begini, akaigeuza, akapasugua kwa kidole gumba pale palipokuwa na maandishi. Yamefutika. Ikaenda pipani, na simu ilikuwa na asilimia tisa. Lazima uwezo wake usomeke, usizidi Wh (wati-saa) 100 (kuanzia hapo hadi 160 uombe ruhusa ya shirika la ndege), na ikae begi la mkononi, isiingie kwenye mzigo wa chini. Tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China zinadai pia alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, kwenye pawabenki. Kama mdogo wako ataunganisha ndege kwenda Yiwu, mji mwingine wa biashara wa China, aikague nyumbani. Kiberiti asibebe kabisa, hata cha gesi.

Wa Nairobi
Aunganishe kadi ya benki na Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia kule, akiwa bado nyumbani, maana ujumbe wa kuthibitisha huja kwenye laini yake ya huku. Intaneti ya bure ya uwanjani inataka namba ya simu. Asiye na laini ya kule atafute mashine inayosoma pasipoti, itampa namba ya siri.

Mzoefu wa Xiaobei
Akifika mchana na anakwenda Xiaobei, mtaa wanaofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, teksi ya nini? Treni ya chini ya ardhi, laini ya 3 hadi Jiahewanggang, abadilishe laini ya 2 hadi stesheni kuu ya Guangzhou, kisha laini ya 5, kituo kimoja tu, Xiaobei.

Mama Mombasa
Abebe chupa tupu. Kuna mabomba ya maji ya moto bure. Mimi nilikuwa na majani yangu ya chai na tangawizi, nikakaa langoni nikinywa taratibu, usiku ukapita.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, nimemsomea yote kwa simu, chai ameiandika ya kwanza. Sasa kwenye kurudi: aliyewahi kuzidisha kilo pale kaunta, alifanyaje?