Tupeane uzoefu: kanuni za kura katika jamii za kujitolea mtandaoni

Ndugu zangu wa Kigoma na kwingineko, wengi wetu tunajitolea mtandaoni, wengine katika Wikipedia ya Kiswahili, wengine katika ramani za OpenStreetMap au programu huria. Huko mambo mengi huamuliwa kwa kura, nami naona kanuni ya kuhesabu ina nguvu sawa na wapiga kura wenyewe. Naomba kila mmoja aeleze aliyokutana nayo.

Naanza mimi. Katika uchaguzi wa Bodi ya Wadhamini ya Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha Wikipedia, mwaka 2021, mhariri aliruhusiwa kupiga kura ikiwa alikuwa amehariri mara 300 au zaidi, na walau mara 20 kati ya hizo ziwe ndani ya miezi sita ya mwisho. Mwenzetu wa hapa Mwanga, ambaye makala zake kuhusu vijiji vya ziwani tunazitegemea hadi leo, alikwama kwenye hiyo 20. Yeye huandika makala nzima daftarini, kisha huipandisha kwa mkupuo siku mtandao ukitulia, na hiyo huhesabiwa mara moja tu. Anayesahihisha koma mojamoja hutimiza 20 kabla ya adhuhuri. Kanuni inazuia akaunti za kubuni, nami naiunga mkono kwa hilo, lakini kwa mtu wa aina hii inaumiza.

Mdau wa Kasulu: Kikundi chetu cha wachora ramani kilikuwa na wapiga kura 22. Mgombea wa Kigoma mjini alipata 9, wawili wa Kasulu wakapata 7 na 6, akatangazwa wa mjini, ingawa watu 13 walitaka mratibu atoke Kasulu, ambako ndiko kazi ilikuwa. Uchaguzi uliofuata kila mtu alipanga wagombea kwa kipaumbele. Wa mwisho akitolewa, kila kura yake humwendea yule ambaye mpiga kura huyo alimweka wa pili. Shida ni kuieleza hesabu hiyo. Nililazimika kuichora kwenye karatasi, nikaipiga picha na kuituma kundini.

Mdau wa Kibondo: Wikimedia nao walirudi kwenye kupanga kwa kipaumbele mwaka 2021. Mwaka 2015 kura zilikuwa za kuunga mkono, kupinga au kutokuwa na upande, na hizo za mwisho hazikuingia kwenye hesabu; kilichotazamwa ni asilimia ya kuunga mkono kati ya kura za kuunga mkono na za kupinga. Kwa hiyo anayeungwa mkono na 60 na kupingwa na 40 hushindwa na mwenye 30 aliyepingwa na 10. Hapo asiyejulikana sana huwa salama kuliko aliyefanya kazi ikagusa watu.

Mdau wa Ujiji: Katika miradi ya programu huria ya Apache, kura ya kutoa toleo jipya huachwa wazi walau saa 72, na huhitaji ndiyo tatu za wanakamati wanaosimamia mradi kwa uchache, tena ndiyo ziwe nyingi kuliko hapana. Timu yetu ndogo ya tafsiri iliiga hizo saa 72, ikaongeza kwamba kimya ni kukubali. Umeme ukakatika huku kwetu, na uliporudi tukakuta istilahi zimebadilishwa, nasi tumehesabiwa kuwa tumekubali. Sasa tunasubiri siku saba, na pendekezo lisilopata ndiyo mbili za maandishi halipiti.

Mwanzisha mada: Ahsante, ndugu wa Ujiji. Je, siku hizo saba zinahesabiwa tangu pendekezo linapotumwa, au tangu wanachama wote wanapolisoma?

Mdau wa Ujiji: Tangu linapotumwa, mkuu. Tulijaribu hilo la pili, likakaa bila kuisha, kwa kuwa daima palikuwa na mmoja ambaye hajalisoma.