Naombeni ushauri: vikeki vya Runeberg bila panchi, nimpelekee bibi jirani

mama_wawili_vantaa
Habari zenu wadau. Mimi nipo Finland mwaka wa sita sasa, huku Vantaa, naomba ushauri wa mapishi na wa ujirani pia. Kuna bibi Mfini mlango wa pili, ana miaka themanini na kitu, kila ikikaribia tarehe 5 mwezi wa pili ananigongea na kisahani, vikeki viwili vya Runeberg vimefunikwa karatasi. Mnaovijua mnavijua, vimesimama kama kikopo, juu jamu ya rasiberi imezungushiwa duara la sukari nyeupe. Sasa vile vinaloweshwa panchi, pombe kabisa, na mimi ni Muislamu, kwahiyo miaka yote napokea nashukuru halafu nampa mwenzangu kazini, na roho inaniuma kwelikweli. Mwaka huu bibi kateleza kwenye barafu kavunjika mkono, kafungwa hogo, hawezi kuoka. Nataka nimuokee mimi tukae tule wote. Jumamosi nimejaribu, vikatoka vikavu vinamomonyoka kama mchanga. Bila panchi naweka nini? Na je, si nitakuwa namharibia kitu chake, maana hiki kwao ni cha mshairi wao wa taifa, huyo Runeberg?

mwokaji_wa_tanga
Dada pole, ukavu huo sababu yake naijua. Ile keki ndani ina chenga za mkate, biskuti za tangawizi zilizosagwa na lozi, vyote hivyo vinanyonya maji balaa, ndo maana wenyewe wanalowesha. We lowesha kwa shira. Chemsha maji desilita 1 na sukari nusu desilita, ipua, kamulia chungwa, tia matone mawili ya arki ya lozi (soma lebo, arki nyingine zimetengenezwa kwa pombe). Vikeki vikitoka tu vya moto unavichoma choma na kijiti unamwagia kidogo kidogo mpaka vinywe.

Vipimo vyangu: siagi gramu 200, sukari desilita 1 na nusu, mayai 2, unga wa ngano desilita 2, chenga za mkate desilita 1, piparkakku (hizo biskuti za tangawizi) zilizosagwa desilita 1, lozi zilizosagwa desilita 1, beking pauda kijiko cha chai, iliki kijiko cha chai iliyotwangwa nyumbani sio ya pakiti. Oveni nyuzi 200, dakika 15 mpaka 20. Kama huna vile vikopo vya kuokea tumia trei ya mafini (muffin), umbo litapotea kidogo ila ladha ni ileile. Na mtu asikwambie pombe inaishia kwenye oveni, panchi wanamwagia baada ya kuoka, haijaenda popote.

msomaji_porvoo
Mimi nakaa Porvoo kwenyewe, mji alioishi Johan Ludvig Runeberg tangu 1837 alipokuja kufundisha, mpaka alipofariki 1877. Kazaliwa Pietarsaari tarehe 5 Februari 1804, ndo maana siku hiyo bendera zinapandishwa nchi nzima. Aliandika kwa Kiswidi, na wimbo wa taifa wa Finland maneno yake ndo aliyotunga yeye. Ila kwenye hili la keki mimi namtaja mkewe kwanza, Fredrika. Yule mama alikuwa mwandishi mwenyewe, kalea watoto wa kiume nyumba nzima, na 1863 mume alipopata kiharusi kamuuguza miaka yote iliyobaki. Kuna kitabu chake cha mapishi cha miaka ya 1850 chenye keki ya namna hii. Inasemwa alikuwa anakusanya chenga za mkate na biskuti zilizobaki jikoni ndo anaokea, mume anakula asubuhi. Sasa keki iliyoanza kwa masalio ya jikoni, wewe ukiweka ulicho nacho unaharibu nini?

kaka_turku
Hapo mkuu tusiseme moja kwa moja ni ya Fredrika. Porvoo hukohuko kulikuwa na mwoka keki anaitwa Astenius, wapo wanaosema ndo alianza yeye kuuza, Fredrika akaichukua akaifanya ya nyumbani. Kwa mleta mada haibadilishi kitu ila tuwape wote haki yao.

dada_espoo
Wote mmeongea keki, mimi naongea bibi. Mwambie ukweli shoga yangu. Sio kwa kujitetea, mwambie tu bibi mimi situmii pombe ndo maana hivi vyangu nimelowesha chungwa. Wazee wa huku ukiwaambia kitu waziwazi wanakuheshimu. Kumficha miaka yote hiyo ndo kunakokuumiza, sio keki.

mama_wawili_vantaa
Nimerudi wadau, asanteni sana. Nimeoka jana usiku kwa vipimo vya mwokaji, nyumba nzima inanuka iliki, shira imeingia mpaka katikati, nimekata kimoja ndani kina unyevu mzuri. Duara la sukari la kwanza lilimwagika pembeni sababu niliweka bado vya moto, vya pili nikasubiri vikapoa kabisa likasimama. Leo mchana nimempelekea, na nimemwambia, hata vile nilivyokuwa nampa mwenzangu. Akanyamaza kidogo, akaonja, akauliza hii harufu ni nini, nikamwambia iliki yetu hiyo. Akasema mama yake naye alikuwa anatia iliki nyingi. Kala viwili kwa mkono wa kushoto, mimi namshikia kisahani. Anasema hogo likitoka tuoke wote, mwokaji nitarudi kukuuliza wapi napata vile vikopo vya duara.