Wakuu, sola inalipa kweli au nitajuta? Naomba ushauri

Msaka_Mwanga:
Habari za muda huu wakuu. Nimechoshwa na umeme wa kukatika-katika, na jenereta inanimalizia hela kwenye mafuta, kelele juu. Nataka kuhamia sola. Shemeji yangu anasema nikifunga tu, mimi na bili basi. Mke wangu anasema nitanunua mapambo ya paa. Nyumbani kuna taa 6, TV, kompyuta mpakato, simu 3, friji ndogo, birika la umeme na pasi. Mlio nayo, faida mmeiona? Nianzie wapi?

Tumbili_Mtini:
Shemeji kakosea, na shemeji yetu wa humo ndani naye kakosea. Nimekaa pale, nasubiri mafundi.

FundiWaya:
Mkuu, kabla ya kuuliza bei shika kalamu. Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 210. TV ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Kompyuta ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Simu zote weka 45. Jumla 695, haifiki hata uniti moja (wati-saa 1000). Hapo sola inakubeba bila jasho: paneli ya wati 300 ikipata jua zuri la saa 5, ukitoa kinachopotea njiani, inakupa kama wati-saa 1000 kwa siku.

Sasa njoo kwenye birika. La wati 2000 likiwaka robo saa limekula 500, yaani zaidi ya taa na TV vya usiku mzima. Pasi ni ndugu yake. Hivyo viwili viache kwenye gridi, yaani umeme wa kawaida wa nyaya za mtaani, au vitumie mchana jua likiwa utosini na mfumo wako uwe mkubwa. Wengi wanaosema "sola ni uongo" waliipa pasi.

Friji inawezekana, ila inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake kwa sekunde chache. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika na vyombo vya nyumbani, ikiwa ndogo hapo inazima. Inunuliwe kwa kuangalia friji, sio taa.

MamaPacha:
Mimi nilianza vibaya. Nilifunga betri ya gari kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Haikumaliza mwaka. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba ile imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi gari liwake, sio kuliwa polepole usiku kucha. Sasa nina ya lithiamu na sijutii. Ukichukua ya asidi, ujue usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ya wati-saa 1200 kwako ni 600 tu.

Faida? Kibatari nimekitupa. Pacha wanasoma usiku bila kukohoa moshi. Hiyo mimi siipigii hesabu.

Msaka_Mwanga:
Ahsanteni. Nimepata wazo: nikiunga paneli na gridi bila betri, si bili inashuka, halafu umeme ukikatika nabaki na sola?

FundiWaya:
Hapana, na hapa ndipo watu hulia. Bili itashuka, lakini inveta ya kuungana na gridi hujizima gridi ikikatika, hata jua likiwa kali namna gani. Imewekwa hivyo makusudi, isije ikasukuma umeme kwenye nyaya ambazo fundi anazishika akijua zimekufa. Tatizo lako ni kukatika, kwa hiyo unahitaji betri na inveta inayoweza kusimama yenyewe.

Tangi_Juu:
Naongezea moja. Kama unavuta maji kisimani, hapo sola ndiyo inang'ara. Pampu inafanya kazi mchana, maji yanapanda kwenye tangi, usiku unafungua bomba. Tangi ndiyo betri yako, na halichoki kama betri.

MamaPacha:
Na vumbi! Futa paneli asubuhi kukiwa na ubaridi, maji na kitambaa laini vinatosha.

FundiWaya:
Sahihi. Pia msidhani joto kali ndilo linaloongeza umeme. Paneli inataka mwanga. Ikizidi nyuzi 25 inapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo isilazwe moja kwa moja juu ya bati, hewa ipite chini. Ikitunzwa, paneli nyingi huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25. Betri ndiyo utakayoibadilisha kabla.

Mkuu, paa lako likoje?

Msaka_Mwanga:
Liko wazi asubuhi nzima. Kuanzia saa nane mchana kivuli cha tangi la maji kinakatiza katikati.

FundiWaya:
Kipande cha kivuli kinaweza kuangusha paneli nzima. Basi hesabu ya kwanza ni ya kuhamisha tangi.

Tumbili_Mtini:
Mwambie shemeji aje akubebee.